Stempu, Muhuri na Bahasha: Posta ya Kikoloni katika Historia ya Kiswahili



Mtafiti wa historia ya Kiswahili kwa desturi huanzia kwenye tenzi, kwenye kamusi za wamisionari, au kwenye kumbukumbu za Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930. Ni nadra kumwona akianzia kwenye kaunta ya posta. Stempu tumewaachia wakusanyaji, na wengi wetu tunauhesabu ukusanyaji huo kuwa mchezo wa watoto wa shule au anasa ya wastaafu wa Ulaya. Wakusanyaji nao, kwa upande wao, wametuachia sisi lugha. Matokeo ya mgawanyo huo ndiyo nitakayoyazungumzia jioni hii.

Hoja yangu ni kwamba bahasha nzima, yaani anwani yake, stempu yake, mihuri yake ya mbele na ya nyuma, pamoja na barua iliyomo, ni hati moja ya Kiswahili, na haifai kugawanywa. Soko la stempu limeziokoa bahasha nyingi zisiishie jikoni kuwashia moto. Hilo ni lazima tulikiri. Lakini soko hilo hilo ndilo lililozitenga bahasha na barua zake, na kabla ya hapo lilizitenga stempu na bahasha. Mkusanyaji wa zamani alichukua mkasi, akakata kona ya bahasha, akailoweka katika maji ya vuguvugu hadi stempu ibanduke, na kilichobaki akakitupa. Alichokitupa ndicho sisi tunachokitafuta.

Tuanzie Unguja. Baada ya jaribio fupi la mwaka 1868, ofisi ya posta ilifunguliwa tena katika mji wa Unguja mwaka 1875, wakati wa Sayyid Barghash bin Said. Haikuwa posta ya Sultani, wala haikuwa posta ya Uingereza moja kwa moja. Ilikuwa tawi la Posta ya India, kwa sababu biashara ya Unguja ilielekea Bombay, na meli za kampuni ya British India ndizo zilizobeba mifuko ya barua kupitia Aden. Hata Muscat, upande wa pili wa ufalme wa zamani wa Al-Busaid, ilikuwa na posta ya aina hiyo hiyo tangu mwaka 1864. Kwa hiyo ndugu wawili, mmoja Unguja na mwingine Muscat, waliandikiana kwa stempu za India zenye kichwa cha Malkia Victoria, na hapakuwa na neno lolote juu ya stempu hizo lililoitaja nchi ya mmoja wao.

Hapa pana jambo ambalo kila mwanafunzi wa fani hii hulijifunza mapema. Stempu ya India iliyotumika Unguja kati ya mwaka 1875 na 1895 haina tofauti yoyote na iliyotumika Calcutta. Kinachozitofautisha ni muhuri. Ukiibandua stempu, na muhuri ukawa umeangukia nusu juu yake na nusu juu ya karatasi, umeondoa ushahidi kwamba ilipata kufika Afrika. Hali ni hiyo hiyo Lamu, ambako Wajerumani walikuwa na wakala wa posta kuanzia mwaka 1888 hadi 1891. Walitumia stempu zao za kawaida za Ujerumani, na ni zile herufi nne za muhuri, LAMU, zinazoifanya karatasi hiyo iwe ya kwetu. Nani alikwenda kwenye ofisi ile kupeleka barua? Wafanyabiashara wa Kijerumani bila shaka, lakini je, na Waamu pia? Jibu la swali hilo halimo ndani ya stempu.

Unguja yenyewe ilikuwa na mambo zaidi. Wafaransa walifungua posta yao mwaka 1889 wakaiendesha hadi 1904. Wajerumani wakafungua yao mwaka 1890 wakaifunga mwaka uliofuata. Basi kwa miezi kadhaa ya mwaka 1890 na 1891 mkazi wa Mji Mkongwe mwenye barua mkononi alikuwa na dola tatu za kumchukulia, kila moja ikiwa na bei yake, meli zake na siku zake za kuondoka. Sultani, ambaye ardhi ilikuwa yake, hakuwa na posta hata moja. Vitabu vya historia hutueleza mikataba ya mwaka 1890 kwa kurasa nyingi. Sidhani kama vinaieleza hali ya mamlaka ya Unguja waziwazi kuliko meza ya mtu mmoja yenye bahasha tatu za mwaka huo.

Stempu zenye sura ya Sultani zilianza mwaka 1896, na sura hiyo ilikuwa ya Sayyid Hamed bin Thuwain. Yeye alifariki tarehe 25 Agosti mwaka huo huo; Sayyid Khalid bin Barghash akaingia katika jumba la kifalme, na tarehe 27 Agosti mizinga ya Waingereza ikalipiga jumba hilo kwa muda usiotimia saa moja. Waingereza wakamweka Sayyid Hamoud bin Mohammed. Lakini stempu za Sayyid Hamoud hazikutoka hadi mwaka 1899. Kwa muda wote huo barua za Unguja ziliendelea kusafiri zikiwa na sura ya marehemu. Ofisi ya posta haikuona tatizo.

Nigeuke kidogo kwenye jambo ambalo wanaleksikografia watalipenda. Ushuru wa posta hulipwa kwa fedha, na jina la fedha huandikwa juu ya stempu. Kwa hiyo stempu za pwani ni daftari la majina ya fedha yaliyopita katika lugha yetu. Mwaka 1893 Wajerumani walizichukua stempu zao za pfennig wakazipiga chapa mpya juu yake: 2 PESA, 3 PESA, 5, 10, 25. Pesa 64 zilikuwa rupia moja. Neno lenyewe lilikuwa limekwisha kuvuka bahari kutoka India na kuzaliwa upya vinywani mwa Waswahili, na sasa likarudi likiwa limechapishwa na serikali ya Ulaya katika herufi za Kilatini. Waitalia wa pwani ya Benadir, katika stempu zao za mwaka 1903 zilizotumika Mogadishu, Marka na Barawa, waliliandika neno hilo hilo *besa*. Kisha mwaka 1905 stempu za Afrika Mashariki ya Kijerumani ziliacha pesa zikaingia heller, 100 kwa rupia. Utawala wa Wajerumani haupo tena na heller haipo tena, lakini hela ipo mifukoni mwetu, au tuseme haipo, na ndiyo maana tunaitaja kila siku.

Baada ya vita ikaja fedha ya Waingereza: florini mwaka 1920, shilingi kuanzia mwaka 1922. Mtu aliyezaliwa Bagamoyo mwaka 1885 akaishi miaka 40 alinunua stempu kwa pesa, kwa heller, kwa senti za rupia na kwa senti za shilingi, bila kuhama nyumba.

Uganda ilikuwa na kisa chake. Mnamo Machi 1895, Mchungaji Ernest Millar wa misheni ya CMS alikaa Mengo na taipureta yake akachapa stempu moja moja juu ya karatasi nyembamba. Bei yake aliiandika kwa kauri: tano, kumi, kumi na tano, hadi sitini. Kauri 200 zilikuwa rupia moja. Kauri hizo zilitoka baharini, zikapanda bara kwa misafara ya pwani, na Waganda huita fedha kwa jina la kauri mpaka leo. Wakusanyaji wanazithamini mno stempu za Millar, na kwa sababu hiyo wenye taipureta za zamani na tabia mbaya wamezighushi kwa bidii. Mimi ningependa zaidi kujua habari za matarishi waliozibeba barua hizo. Reli haikufika Kisumu hadi mwishoni mwa mwaka 1901. Kabla ya hapo barua ya Mengo ilifika Mombasa kwa miguu ya watu, na watu hao hawakupigwa muhuri popote. Tunachoweza kukipima ni mwendo wao tu: tarehe ya muhuri wa kuondoka na tarehe ya muhuri wa kufika, siku baina ya moja na nyingine, na maili za njia.

Huko Mombasa, katika miaka ya mwanzo ya Kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki, stempu za bei ndogo ziliisha mara kwa mara. Karani alifuta bei kwa kalamu, akaandika bei mpya, kisha akatia herufi za jina lake, kwa mfano A.D. Stempu hizo za mwaka 1891 ni ghali leo. Si kwa uzuri. Ni mwandiko wa mtu aliyeishiwa na bidhaa huku wateja wakisubiri.

Sasa niingie katika mihuri, ambayo kwa mwanaisimu ina faida kuliko stempu. Muhuri wa posta hutaja mahali na tarehe, na hulazimika kuliandika jina la mahali kwa tahajia fulani. Mihuri ya Wajerumani inatuonyesha majina ya Kiswahili na ya lugha nyingine za bara yakisikika kwa sikio la Kijerumani: MUANSA, MOSCHI, ARUSCHA, UDJIDJI, KILOSSA, SSONGEA. Ile S maradufu mwanzoni mwa Songea si kosa la mchonga muhuri. Katika Kijerumani S moja kabla ya irabu husikika kama Z, na aliyeagiza muhuri alitaka Songea isomwe kama inavyosomwa na wenyewe. Pengine, jina la wenyeji liliondolewa kabisa: Lushoto ikawa WILHELMSTAL, na Kasanga ya Ziwa Tanganyika ikawa BISMARCKBURG. Anayetaka kujua mahali fulani palianza lini kuandikwa kwa tahajia tuliyonayo hana chanzo chenye tarehe sahihi kuliko mihuri, kwa kuwa tarehe hubadilishwa kila siku na karani. Ramani hukaa miaka 20 bila kusahihishwa.

Lakini muhuri ni sauti ya serikali. Sauti ya mwandishi imo katika anwani, na hapa nitakawia.

Mwaka 1892 C. G. Büttner alichapisha Berlin mkusanyo wa hati za Kiswahili zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu, zikiwamo barua. Ni kazi tunayoitegemea hata sasa. Hata hivyo kitabu kama hicho kinatupa maandiko, hakitupi safari. Barua ikishachapwa ndani ya kitabu hatujui tena ilikunjwa vipi, ilifungwa na nini, ilipitia mikono ya nani. Bahasha inatueleza. Mwandishi wa pwani aliyezoea hati ya Kiarabu aliandika anwani kutoka kulia, kwa dua na vyeo vya heshima vinavyomstahili mwenye kupokea, kisha jina, kisha mji. Karani wa posta, hasa akiwa Mgoa au Mzungu, mara nyingi hakuweza kuisoma. Ndiyo maana bahasha ya namna hiyo huweza kuwa na anwani mbili: moja ya adabu, kwa ajili ya binadamu, na nyingine fupi kwa herufi za Kilatini, kwa ajili ya ofisi. Ile ya pili aghalabu huwa na mwandiko tofauti. Kuna mtu wa tatu basi, aliyesimama kati ya mwandishi na dirisha la posta, mwenye kujua hati zote mbili. Mtu huyo hatajwi katika historia za elimu ya kikoloni, na kazi yake ndiyo iliyowezesha barua kufika.

Mtafiti wa bahasha hizi lazima pia awe macho kwa alama zisizo za posta. Katika nchi nyingi za Kiislamu ilikuwapo desturi ya kuandika tarakimu 8642 juu ya barua, zikiwakilisha herufi za neno *buduh*, ili barua ifike salama. Muuzaji wa stempu asiyeijua desturi hiyo huzidhani ni namba za rejista.

Anwani za baadaye, za miaka ya 1930 hadi 1950, ni za herufi za Kilatini na zina sarufi yake mpya. Katika miji yetu mingi barua hazikupelekwa majumbani. Zilikwenda kwenye sanduku la posta, na sanduku lilikuwa la tajiri, la shule, la misheni, la shamba la mkonge. Mwananchi wa kawaida alipata barua zake kwa mkono wa mwenye sanduku. Kwa hiyo tunasoma: kwa mkono wa mwalimu fulani, kwa mkono wa mnyapara fulani, kwa mkono wa mwenye duka fulani. Ukizikusanya bahasha 50 za mji mmoja unaweza kuuchora mtandao wa kuaminiana wa mji huo: nani alipokea barua za watu wengi, nani alibadilisha mkono baada ya miaka miwili, na wanawake walitumiwa barua kwa jina la nani. Sensa ya kikoloni haikuwahi kuuliza maswali haya.

Vita viwili vikuu viliongeza tabaka jingine. Katika Vita vya Kwanza stempu zilibadilika kadiri majeshi yalivyosonga, hata mkusanyaji anaweza kuufuata mwendo wa vita kwa albamu. Mafia ilitekwa mapema mwaka 1915, na stempu za Kijerumani zilizokutwa huko zikagongwa neno MAFIA. Wareno waliikamata Kionga, kusini mwa mlango wa Ruvuma, mwaka 1916, wakazipiga chapa ya KIONGA stempu za Lourenço Marques. Wabelgiji wakafanya vivyo hivyo upande wa Ruanda na Urundi, kwa Kifaransa na Kiholanzi. Waingereza wakaandika G.E.A.

Wajerumani, waliozingirwa na manowari za adui, waliishiwa na stempu wakaagiza zichapwe Vuga, Usambara. Wasomaji wa vitabu vya zamani vya Kiswahili wanalijua jina la Vuga, kwani mtambo wa misheni pale ulichapa vitabu vingi vya dini na vya shule. Stempu zilichapwa, lakini Machi 1916 meli Marie ilipenya hadi ghuba ya Sudi, karibu na Lindi, ikiwa na shehena iliyokuwamo stempu mpya kutoka Ujerumani. Zile za Vuga zikakosa kazi, zikafukiwa ardhini zisitekwe, na baada ya vita zikafukuliwa, nyingi zikiwa zimeharibiwa na unyevu. Zilizopona ziliuzwa kwa wakusanyaji. Hazikuwahi kubeba barua ya mtu yeyote, nazo zina bei kuliko nyingi zilizobeba.

Katika Vita vya Pili waandishi walikuwa askari wenyewe. Vikosi vya KAR vilivyokwenda Uhabeshi, Madagaska na Burma viliandikia nyumbani kwa Kiswahili, kupitia posta za jeshi. Bahasha hizo zina muhuri wa posta ya jeshi usiotaja mahali, namba tu, na alama ya mkaguzi wa barua aliyeifungua na kuifunga tena. Wakaguzi walilazimika kuwa na watu wanaosoma Kiswahili kutoka Mombasa hadi Ziwa Nyasa, chenye maneno ya kila kabila. Kwa maoni yangu hapa ndipo Kiswahili sanifu, kilichokuwa bado kichanga na kilichojengwa juu ya Kiunguja, kilipokutana na kalamu za watu wazima ambao hawakukijifunza shuleni. Barua hizo ni muhimu kwetu kuliko ripoti yoyote ya Kamati. Wauzaji hutangaza bahasha zake kwa namba ya posta ya jeshi na aina ya alama ya ukaguzi. Kuhusu barua, mara nyingi huandikwa tu kwamba imo, au haimo.

Sipendi kuwadhihaki wakusanyaji. Wao ndio waliotengeneza orodha za mihuri, wakapanga tarehe za kufunguliwa na kufungwa kwa ofisi, wakazitambua ghushi. Kuna watu waliotumia miaka wakichunguza stempu ya Kenya, Uganda na Tanganyika yenye jahazi la Ziwa Viktoria, kama kamba ya tanga imegusa tanga au haikugusa, na tofauti hiyo huibadilisha bei. Umakini wa aina hiyo tungeufurahia sana katika uhariri wa tenzi. Tatizo ni kwamba jicho linaloiona kamba ya jahazi halikufunzwa kuisoma anwani iliyo sentimita tatu pembeni yake.

Stempu hizo za nchi tatu, zilizoanza kutumika kwa pamoja mwaka 1935, ziliandikwa Kiingereza, ingawa zilibandikwa juu ya bahasha zenye barua za Kiswahili. Kiswahili kilipanda juu ya stempu pamoja na uhuru: mwaka 1961 Tanganyika ilitoa stempu zenye neno UHURU. Unguja kilipanda kwa namna nyingine. Baada ya Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964 hapakuwa na muda wa kuagiza stempu mpya. Zilizokuwapo, zikiwamo zenye sura ya Sayyid Abdulla bin Khalifa aliyefariki mwaka 1963, ziligongwa kwa mkono maneno JAMHURI 1964, na baadaye zikapigwa chapa hiyo kwa mtambo. Kwa mara ya pili katika historia ya posta ya Unguja mageuzi ya utawala yalisafiri juu ya sura ya marehemu.

Chapa ya mkono ni rahisi kughushi. Mtu yeyote mwenye mpira na wino anaweza. Kwa sababu hiyo stempu ya JAMHURI iliyobanduliwa haiaminiki sana, na inayoaminika ni ile iliyo juu ya bahasha iliyosafiri kweli, yenye muhuri wa siku hizo na muhuri wa kufika. Soko lenyewe, kwa sababu zake, limefikia pale ninapotaka tufike.

Maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam inazo hati alizokusanya J. W. T. Allen, na Nyaraka za Taifa Zanzibar zina barua nyingi za kiserikali. Barua za watu wa kawaida zimo makabatini na masandukuni, au zimekwisha kuuzwa nje. Ninapendekeza orodha ya pamoja ya bahasha, ya picha tu, isiyomnyang'anya mtu mali yake: pande mbili za bahasha, barua ikiwamo, nakala ya anwani katika hati yake ya asili na katika herufi za Kilatini, tarehe za mihuri yote, na jina la mji ambako bahasha ilikutwa. Majina ya wahusika yanaweza kufichwa familia ikitaka. Wanafunzi wa shahada ya pili wanaoweza kusoma hati ya Kiarabu wangeanza na bahasha za kabla ya mwaka 1914, ambazo ni chache na zinazochanika upesi.

Wenye bahasha nyumbani, hata zile zilizokwisha kukatwa kona, wanaombwa wasizibandue wala wasizitenge na barua zake kabla hazijapigwa picha.